Tarumbeta la Baba Alen

Mlutheri haoi wake wawili, mchungaji kashasema. Lakini Jenoveva wa Magamba alikuwa na mke mwenza, tena wa shaba, mwenye mdomo mpana na kiuno chembamba.

Zabron, mumewe, hushinda kwenye bustani ya miche ya misitu. Jioni akirudi, hata chai hajaigusa, keshalipakata tarumbeta la bendi ya kanisa, kasogea nalo motoni.

"Baridi ya huku inamharibia sauti," husema.

Inamharibia! Kama mtu! Kisha hulipangusa kwa kitenge cha Jenoveva, kile cha Krismasi.

"Baba Alen, na mimi nina baridi," Jenoveva alimwambia.

"Si usogee, mama. Jiko lile pale."

Hapo wivu ukampanda hadi utosini. Jumamosi, Zabron akiwa kazini, alichukua gunzi la hindi akalishindilia kooni mwa mke mwenza. Kesho aimbe tuone! Ila akaingiwa na shaka: je, limeziba kweli? Akapuliza. Kimya. Akacheka peke yake. Akalichomoa gunzi, aone tofauti, akajaza mashavu.

Ukatoka mlio wa ng'ombe anayezaa.

"Onga mshi, Baba Alen!" jirani yake Happiness akamsalimu kutoka kwenye kabichi. "Umewahi kurudi leo! Mbona kama umelewa?"

Jenoveva akajibanza nyuma ya mlango, midomo ikimwasha. Lo, kumbe ni tamu hivi! Akapuliza tena, na tena, mpaka sauti ikanyooka, ikavuka bonde, mlima wa ng'ambo ukaitikia. Tangu aolewe hajaitikiwa upesi namna ile.

Zabron aliporudi alikuta jiko ni majivu matupu, tarumbeta lina joto, na limeviringishwa kwenye shati lake jeupe la Jumapili.

"Nani kamshika?"

"Mimi."

"Akalia?"

"Mpaka ng'ambo wamemsikia. Muulize Happiness."

Uso wa Zabron ukamshuka kama wa mtu aliyefumania, asijue kamfumania nani kati ya wale wawili. Akanyoosha mkono. Jenoveva akalivuta tarumbeta kifuani.

"Mama Alen, nipe basi. Nimetoka kwenye ukungu, nina baridi."

"Jiko lile pale, baba. Kakoke."