Kichwa cha Maji

Mzee Stanislas alikuwa dereva wa treni, na kwa maneno yake mwenyewe aliwahi kuvuta mlima mzima wa shaba pamoja na mbuzi waliokuwa wakila majani juu yake. Leo yuko kwenye kiti cha magurudumu, ndani ya lifti iliyokwama, amepakata kichwa cha plastiki.

Umeme ulikatika kwa kishindo. Kichwa kiliruka kutoka kwenye toroli, naye akakidakia mapajani.

Kilikuwa kichwa cha kuipima mashine. Delphine, fundi wa picha za ubongo aliyekuwa naye humo liftini, alikuwa amekijaza maji yenye dawa ya miale ili ajue kama kamera inasema kweli. Maana kamera hiyo ilionyesha doa jeusi kwenye ubongo wa Stanislas, na daktari alikuwa amekwisha kumpangia kisu kesho.

"Na kama kichwa hii iko na doa pia?" Stanislas akauliza.

"Basi kamera njo iko mugonjwa, papa. Tunaifunga, unarudia kwako."

Ndipo Stanislas akahisi ubaridi mapajani. Kizibo kimelegea; maji yanatoka, hewa inaingia. Pichani hewa hiyo itaonekana kama doa. Doa la bure hilo! Akakikaza kizibo polepole, hewa ibaki ndani.

Delphine akawasha taa ya simu, akaiona suruali iliyolowa, upesi akaielekeza taa juu. Mtoto aliyelelewa hamtazami baba mzima aliyejikojolea.

"Joto, papa," akaiambia dari.

"Joto sana."

Kuta zilizidi kumsogelea. Aibu ile ingemwokoa, kama angenyamaza tu. Lakini huko juu, kwenye benchi, Mama Mwaba wa Mokambo alikuwa akiingojea kamera hiyohiyo na binti yake mwenye kifafa. Ikifungwa, wataenda wapi?

"Delphine, mwanangu, angalia. Haiko miye njo nilikojoa. Ni huyu mwenzangu."

"Yo! Papa, usiguse! Ile mayi iko na dawa!"

Umeme uliporudi, Delphine alimvua suruali, akamwosha, akamvisha gauni la hospitali, akakijaza kichwa upya na kukigongagonga mpaka kiputo cha mwisho kikatoka. Picha ikaja safi, haina doa.

"Basi doa iko yangu," Stanislas akasema.

"Iko yako, papa. Lakini sasa daktari anajua fasi ya kuitafutia."

"Merci. Nipe pantalon yangu. Niko na shemeji kule mpakani, Kasumbalesa, ananingojea leo; kisu itangoja."

"Tuliifungia mu sanduku ya risasi, ile madini inazuia miale. Itatoka kesho, dawa ikiisha nguvu."

Stanislas akalishika gauni la hospitali kwa nyuma, lilikokuwa wazi, akarudi kitini.