Mikono Kwenye Usukani

Mtu mwenye akili zake akishakula daku hurudi kitandani. Mimi Ilyasi, mwenye miaka hamsini na mbili na magoti mawili yasiyosikilizana, nilikuwa nikiswali alfajiri, kisha nateremka kutoka mtaa wa Nyamirambo hapa Kigali na baiskeli ndefu ya watu wawili, kwenda kumchukua mtu asiyeona ili tukapande mlima. Tena bure. Tena katika mwezi wa Ramadhani.

Kosa ni la Kaliza. Huyu ni binti aliyekulia Kampala, mwepesi wa kucheka na mgumu wa kukubali hapana. Alikuwa akiandaa safari ya baiskeli kutoka Kigali hadi Huye, kilomita mia na thelathini hivi, ya kuwachangia watoto wasioona vifaa vya shule. Alitaka watu wasioona wenyewe wawemo, kila mmoja akikanyaga nyuma ya mtu anayeona. Akaulizia Kimisagara nzima nani anaweza kuendesha baiskeli akiwa na mtu mgongoni, nao wakamleta moja kwa moja kwenye kibanda changu ninakotengeneza baiskeli. Walijua kwamba kwa miaka kumi na saba nilikuwa mnyonzi, nikibeba abiria kwenye keria kutwa nzima.

"Mzee, hii kazi iko yako kabisa," akaniambia. "Mtu nyuma, wewe mbele. Si ndiyo ulikuwa unafanya?"

Nikavimba kichwa, nikakubali. Sifa ni kitu kibaya sana.

Mtu wangu wa nyuma aliitwa Cassien. Alikulia Bujumbura, akafundisha hesabu hapa Kigali mpaka presha ya macho ilipomzimia taa miaka minne iliyopita. Mrefu, mpole, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi. Siku ya kwanza nilimshika mkono nimpandishe kwenye kiti, akautoa mkono wake taratibu.

"Muzee Ilyasi, usinishike," akasema. "Uniambie tu kiti iko wapi. Nyumbani mke wangu Donatille ananifunga viatu, ananikatia nyama. Kwa barabara watu wananivusha hata kama sitaki kuvuka. Mimi nimechoka kubebwa. Kule Huye iko binti yangu, Kamikazi, anasoma. Nataka anione nafika na miguu yangu mwenyewe."

Kaliza naye alikuwa na sharti lake. Atakayeshindwa kupanda mlima wa Ruyenzi bila kushuka kwenye baiskeli, mwezi mmoja kabla ya safari, atakwenda Huye amekaa ndani ya gari la kufuata nyuma. Hakuwa na ubaya. Barabara ile ina milima mingine mingi na hakutaka mtu amwangukie njiani. Lakini Cassien akisikia tu neno gari, alikaza taya.

Mlima huo unaanza pale unapovuka daraja la Nyabarongo. Unapanda, unapinda, unapanda tena, na ukidhani umeisha unakuta ndiyo kwanza. Malori ya kwenda kusini huupanda kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo kichwani. Sisi wanyonzi tunajua dawa yake: unangoja lori likupite, unanyoosha mkono, unakamata nyuma yake, unavutwa mpaka juu. Imekatazwa, na inaua. Nimewazika wenzangu wawili kwa ajili ya dawa hiyo. Hata hivyo mkono uliozoea miaka kumi na saba hauombi ruhusa.

Siku ya jaribio wenye baiskeli nyepesi walitangulia, na Kaliza akawafuata kwa gari. Sisi tukabaki peke yetu na chuma chetu kizito. Ilikuwa siku ya tisa ya funga, mate yamenikauka, magoti yanalia. Tulikuwa tumekwisha kuujaribu mlima ule mara nne, na mara zote nne tulishuka kwenye kona ile ile yenye tanuri la matofali. Tulipoifikia nilimsikia Cassien nyuma yangu, pumzi zinamkatika. Nikajua anashuka sasa hivi, na akishuka, ni gari.

Lori la mchanga likatupita polepole. Kamba ya turubai ilikuwa inaning'inia nyuma yake. Wallahi sikufikiri. Mkono wa kushoto ulitoka wenyewe.

Pedali zikawa nyepesi. Cassien akashtuka.

"Muzee! Iko nini? Inakuwa nyepesi!"

"Kanyaga tu, mwalimu."

"Lori iko karibu sana."

"Linapanda kama sisi," nikasema. "Usijali. Kanyaga."

Akakanyaga. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtoto, akanipiga mgongoni kwa kiganja. "Miguu imeamka! Muzee, imeamka!" Maji ya mchanga yalikuwa yakinirukia usoni. Nikafumba mdomo nisiharibu funga yangu kwa tope. Karibu na kilele niliiachia ile kamba, tukamalizia wenyewe kipande cha mwisho.

Kaliza alikuwa anatusubiri pale juu na karatasi yake.

"Mzee, hamukushuka kwa njia?"

"Hatukushuka," nikamjibu. Na kweli hatukushuka.

Akaandika majina yetu. Cassien alikwisha kutoa simu, anapiga kelele katikati ya watu: "Kamikazi! Papa yako amepanda Ruyenzi! Yego, ndiyo, mpaka juu, na miguu!" Mtu mzima yule akalia mbele ya wote, watu wakampigia makofi. Mimi nilivuka barabara nikasimama upande wa pili, nikajifanya natazama mnyororo. Nilijiambia nimemfanyia hisani. Jioni wakati wa kufuturu niliirudisha tende sahanini, nikajiambia ni uchovu.

Baada ya hapo mambo yakaenda mrama. Cassien alianza kuutafuta ule wepesi. Tukivuka daraja tu alikanyaga kwa nguvu zake zote kuanzia chini, akingoja miguu iamke, na kabla hata ya tanuri alikuwa hana kitu. Tukashuka. Mara ya kwanza alisema hakulala vizuri. Mara ya pili alisema ni maharage ya jana. Mara ya tatu nikamtangulia mimi kusema ni upepo. Upepo! Siku hiyo hata jani halikuwa linatikisika.

Siku ya ishirini na tatu ya Ramadhani tulishuka hata kona ya kwanza hatujaiona. Nikaiegemeza baiskeli kwenye nguzo. Cassien akapapasa ukingo wa mfereji, akakaa, akavua kofia na kuiweka gotini.

"Macho ilianza hivi hivi," akasema. "Leo unaona ubao vizuri, wiki ingine namba zinapotea. Sasa iko miguu. Siku ile nilipanda, muzee, wewe unashuhudia. Leo siwezi hata nusu. Mwili inaenda, kama macho."

"Ni uchovu tu, mwalimu."

"Oya, hapana. Usinidanganye kama mtoto. Umwambie Kaliza aniandike kwa gari. Na Kamikazi nitamwambia asije kusimama kwa barabara. Sitaki anione natolewa ndani ya gari."

Nilisimama pale nimeshika kiti cha baiskeli. Sijapata kuchoka vile hata nilipokuwa nabeba magunia ya viazi mawili mawili. Mwili ulichoka kwa njaa na kiu, hilo nililizoea. Moyo nao ulichoka, kwa sababu wiki mbili nzima nilikuwa nikimtazama mtu mzima akivishuku viungo vyake kwa uongo wangu, na nikausingizia upepo. Nilijichukia. Nikaona nikinyamaza siku moja zaidi nitamtia maradhi ya kweli.

"Mwalimu," nikasema, "siku ile nilishika lori."

Akainua uso.

"Rudia."

"Nilishika kamba ya lori, kuanzia kwenye tanuri mpaka karibu na juu. Miguu yako haikuamka siku ile, na leo haijalala. Iko vile vile ilivyokuwa."

"Nilikuuliza. Nilisema lori iko karibu."

"Uliniuliza."

"Ukasema inapanda kama sisi."

"Nilisema."

Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari kusimama nipigwe. Aliinamisha uso, vidole vyake vikicheza juu ya kofia. Nikadhani anasali. Kumbe mwalimu alikuwa anapiga hesabu.

"Mara nne za kwanza tulifika tanuri," akasema polepole. "Halafu iko ile ya uongo. Halafu mimi nakanyaga sana kule chini, natafuta kitu haiko, nguvu inaisha." Akakunja kidole cha mwisho. "Basi mimi siumwi."

"Huumwi."

"Iko wewe unaumwa!" Sauti yake ilipanda, na mimi sikujua kama ana sauti ile. "Ugonjwa ya kubeba watu! Nilikuambia siku ya kwanza. Donatille ananibeba, nampigia kelele, anaacha. Wewe umenibeba nikiwa sijui. Nimempigia mtoto simu! Nimelia mbele ya watu!"

Nikamwambia anisamehe. Akasema hilo tutaliongea siku ingine. Kisha akasimama, akavaa kofia yake, akaipapasa baiskeli mpaka akakipata kiti chake.

"Geuza. Turudi chini kwa daraja, tuanze upya."

"Mwalimu, mimi nimefunga. Sijaonja hata tone la maji."

"Na mimi niko kipofu," akasema. "Geuza."

Nikageuza. Ningefanya nini?

Pale darajani aliweka sheria zake kama yuko mbele ya ubao. Tunaanza polepole hata kama watu wanacheka. Nikibadilisha gia namwambia, nikiona kona namwambia. Nilikuwa sijawahi kumwambia abiria kitu maishani mwangu, maana abiria hukaa tu, anashika kiti na kuomba Mungu. Na sheria ya mwisho ilikuwa hii: kila lori likitupita ataniuliza, na mimi nitajibu kweli.

Tulipanda kwa mwendo wa aibu. Mama mmoja aliyebeba kapu la maparachichi kichwani alitupita, akatusalimia, tukampita kwenye kona, naye akatupita tena akituonea huruma waziwazi. Jua lilikuwa limeanza kuuma shingo. Ulimi uliganda kwenye kaakaa hata kusema "kona ya kulia, mwalimu" ikawa kazi kama kupanda kwenyewe.

Lori la kwanza likaja, linanguruma.

"Muzee, mikono?"

"Iko kwa usukani."

La pili, la tatu. Kila mara aliuliza, na kila mara nilijibu. Goti la kulia lilikuwa linatoa mlio. Nyuma yangu nilimsikia akihesabu kwa Kirundi, chini chini, moja mpaka kumi, kisha anaanza upya, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze mazoezi nilihisi pedali zangu zinasukumwa na miguu ya mtu mwingine. Ndipo nilipogundua kwamba siku zote hizo nilikuwa navuta peke yangu, na kukanyaga kwake nilikuwa nakuona fujo. Nikaacha kuvuta. Nikafuata hesabu yake.

Tukafika kwenye tanuri. Na pale pale, mtihani gani huu, likatokea lori la mchanga, kuukuu, linapumua kwa shida, kamba ya turubai inacheza nyuma yake. Lilipita karibu kabisa na bega langu. Sitaficha: vidole vya mkono wangu wa kushoto vilifunguka. Vilifunguka vyote vitano.

"Muzee, mikono?"

Nikachelewa kujibu.

"Muzee Ilyasi!"

Nikavifunga vidole. "Iko kwa usukani," nikasema. "Yote miwili."

Lori likakata kona, likaenda zake. Sisi tukaendelea kuhesabu. Sikumbuki vizuri kipande kilichobaki, nakumbuka lami tu, na jasho lililokuwa likidondoka kwenye lami. Halafu baiskeli ikawa inakwenda yenyewe, na nyumba za Ruyenzi zikajipanga kushoto na kulia. Tulikuwa tumefika juu. Hapakuwa na Kaliza, hapakuwa na makofi. Alikuwapo yule mama wa maparachichi, amekaa kwenye jiwe anapumzika.

"Kumbe mumefika," akasema.

Nililaza baiskeli kwenye nyasi, nikajilaza kando yake. Cassien alibaki amesimama, shati limemganda mgongoni. Akatoa simu yake.

"Kamikazi, mwanangu. Leo nimepanda Ruyenzi."

Sauti ya binti ilinifikia mpaka pale chini nilipolala. "Papa, si ulishapanda?"

"Ile siku nilibebwa," akasema Cassien. "Leo nimepanda."

Akaongea naye kidogo zaidi, kwa sauti ya kawaida, bila machozi. Alipomaliza akanyoosha mkono wenye simu kuelekea upande aliosikia nikihema.

"Sasa wewe," akasema. "Umpigie Kaliza. Umwambie yote, na ya lori pia."

Ilikuwa saa tatu tu ya asubuhi, magharibi iko mbali, na mdomo wangu ulikuwa mkavu kabisa. Nikaichukua simu, nikapiga.