Takataka za Nyumba Hii

"Hizo hazihesabiki!"

"Kwa nini zisihesabike?"

"Kwa sababu si za hapa. Sheria ni moja tu: takataka za nyumba hii."

"Lakini shemeji, haya ni makombo ya kitambaa. Yamebaki kwenye kukata. Ningeyatupa tu."

"Shemeji yako nani? Kama ungeyatupa, si ungeyatupa huko huko!"

Anayepiga kelele ni mimi. Anayejibu polepole, kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, ni fundi cherehani anayemtaka dada yangu. Amekaa kwenye mkeka wetu, magoti yamemfika masikioni kwa urefu, na mbele yake amemwaga mfuko mzima wa vipande vya kitambaa. Vyekundu, vya dhahabu, vingine vinang'aa mpaka vinakera. Watoto wa dada wameviangukia kama kuku walioona mtama. Mimi nimeshika boksi la sabuni ya unga na mkasi butu, nimebaki kama mtu aliyekosea harusi.

Sheria yenyewe iko hivi. Sikukuu ikikaribia, mimi na watoto tunatengeneza mapambo, na hatununui kitu. Tunajiwekea akiba: trei za mayai, vizibo vya soda, maboksi ya maziwa, yale maroli ya katikati ya karatasi za chooni. Lazima kitu kiwe kimeishia humu ndani. Kuna mwaka Bosi, huyu mtoto mkubwa, alikamua dawa ya meno yote kwenye beseni ili boksi lake lipate kuhesabika. Dada alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa. Tukaongeza sheria: kitu kiishe chenyewe, kisisaidiwe.

Aliyeianzisha ni mimi. Baba wa watoto alikwenda kutafuta kazi, akapata kazi na mke huko huko, ikawa ndiyo kwaheri. Mimi nikahamia sebuleni kwa dada na godoro langu. Sikukuu ya kwanza ilitukuta hatuna mbele wala nyuma, watoto wanachungulia mapambo ya wenzao. Nikachomoa boksi la sabuni kwenye ndoo ya taka, nikakata nyota, nikabandika karatasi za rangi ya fedha za pakiti za majani ya chai. Nikambeba Kidoti, mdogo wake Bosi, mabegani, na alikuwa mdogo kweli wakati huo, akaitundika juu ya mlango wa nje kwa mikono yake.

Tangu hapo ndiyo kawaida. Nyota ni boksi la sabuni, anayetundika ni Kidoti, mabega ni yangu. Shule niliiachia njiani, kazi yangu kuziba pancha, hakuna anayenitazama mara mbili. Lakini siku ya kutundika, mtoto yuko juu, kanishika masikio kama usukani, mtaa mzima unaangalia. Siku ile ni yangu.

Sasa huyu anakuja na mfuko.

Dada akatoka jikoni, mikono imejaa povu. "Nyinyi watu wazima mnagombania matambara?"

"Sheria," nikasema.

"Sheria gani? Nyota yako ya mwaka jana si ililiwa na mende?"

Hapo alinipata. Gundi yangu ni uji wa unga wa ngano, na mende wa nyumba hii hawajui chakula cha nani. Tuliamka asubuhi ya sikukuu nyota imeachia pembe, inaning'inia kama shati lisilo na vifungo.

Fundi hakucheka. Afadhali angecheka, ningepata sababu. Akasema tu, "Naweza kuishona. Uzi mende hawali."

"Anko Uzi anaweza kushona boksi?" Bosi akauliza, macho kama sahani.

Anko Uzi! Wameshampa na jina. Mimi naitwa Mjomba tu, kama kila mwanaume mwenye dada.

Jamaa akachomoa sindano kwenye kola ya shati. Akalipokea boksi kutoka kwangu kwa mikono miwili, adabu tele, akakata nyota, akashonea kitambaa cha dhahabu kwenye pembe moja. Akaigeuza tuione. Nikatafuta kosa. Nililitafuta kama ninavyotafuta tundu kwenye tyubu, sikio karibu, nasubiri upepo unipulize. Hakuna. Mshono umenyooka, uzi hauonekani.

"Nzuri," nikasema. "Lakini si ya hapa. Watoto, sheria mnaijua."

Nilijua nimewashika, maana watoto kwa sheria ni wakali kuliko hakimu. Bosi akakiachia kipande chake polepole. Fundi akaanza kurudisha vitambaa mfukoni, kimoja kimoja. Dada kanikazia macho. Alijua sizungumzii vitambaa. Namwambia mtu wake: wewe si wa hapa, na mfuko wako si wa hapa. Nikajisikia vizuri. Nisidanganye, nilijisikia vizuri sana.

Kidoti akasimama. Akamnyang'anya fundi ule mfuko, akaenda nao jikoni mbiombio. Tukasikia mfuniko wa ndoo ya taka ukianguka sakafuni. Halafu akarudi amekumbatia vitambaa vyote, kimoja kimegandwa na ganda la kitunguu.

"Nimevitupa," akasema. "Sasa ni takataka zetu."

Bosi akakuna kichwa, akapima. "Ni kweli, Mjomba. Vimetoka kwenye ndoo yetu."

Dada akageukia ukuta. Mabega yanamtetemeka. Anacheka, huyo dada yangu wa tumbo moja.

Fundi akabandua ganda la kitunguu, akaliweka pembeni vizuri kana kwamba nalo lina kazi. "Shemeji, sheria ni yako. Wewe unasemaje?"

Na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Angenibishia, tungepigana. Huyu ananipa mimi kisu nishike mpini.

"Shoneni," nikasema.

Wakashona. Bosi alichomwa kidole na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakulia, eti mafundi hawalii. Mimi nikapewa kazi ya kushikilia. Shika hapa Mjomba, vuta kidogo Mjomba, basi achia. Nyota ikaisha, na nitasema nini, ilikuwa nyota kweli. Zangu zote za nyuma zilikuwa boksi la sabuni.

Tukatoka nje. Kidoti kaishika kifuani, akatazama juu ya mlango, akanitazama mimi. Nikachuchumaa kama kila mwaka, mgongo tayari.

"Mjomba, wewe simama kule uangalie kama imenyooka," akasema. "Anko Uzi ndiye mrefu."

Hakusema kwa ubaya. Alipima mlango, akapima mabega, basi. Mimi nimechuchumaa pale mbele za watu, ikabidi nijifanye nafunga kamba za viatu. Nimevaa ndala.

Nikaenda kusimama kule. Fundi akainama, akampandisha. Anamshika vifundo vya miguu, hajui kwamba Kidoti anashikwa magotini, la sivyo anayumba. Alipoyumba akayashika masikio ya yule mtu, yote mawili, akacheka. Halafu akajinyoosha, akaitundika.

"Mjomba! Imekaa sawa?"

Kosa nililolitafuta kwenye mshono nikalipata hapa: ilikuwa imelala kushoto. Mtu yeyote mwenye macho angeona. Pembe moja inachungulia bati, nyingine inachungulia kizingiti. Neno moja tu, sogeza, lilikuwa limeshafika mdomoni.

Kidoti akaendelea kusubiri, mkono mmoja bado sikioni mwa yule.

"Imekaa sawa," nikasema.

Dada, pale mlangoni, akaitazama nyota. Akanitazama mimi. "Sawa kabisa?"

"Sawa kabisa."

Nikageuka, nikaenda zangu kwenye matairi.