Kuku wa Desemba

Karatasi yangu ilirudi na maandishi mekundu: "Mstari wa mahitaji haupandi hivi." Mwalimu Patroba, aliyetufundisha uchumi wa usimamizi wa biashara, alikuwa amemtuma kila mmoja wetu afuatilie bidhaa moja sokoni mwezi wa Julai na wa Desemba, kisha achore bei na idadi iliyouzwa. Mimi nilifuatilia kuku ambao mama mkwe wangu, Roda, anauza soko la Kakamega. Mchoro wangu ulisema bei ikipanda watu wananunua zaidi. Mwalimu alidhani nimetunga takwimu. Alinipa hadi Ijumaa nijieleze, la sivyo nirudie somo mwaka mzima.

Huo mwaka sikuwa nao. Chuo kilikuwa cha binafsi, tukisoma jioni katika ukumbi wa kukodi mjini, na mama mkwe ndiye aliyekuwa akibaki na Tracy wangu wa miezi tisa. Muhula ukiisha angekwenda Lugari kwa binti yake mjamzito, wala hakujua angerudi lini.

Jumatano nilikaa jikoni nikimnyonyesha Tracy, karatasi gotini. Mama, akisonga obusuma, ugali wa kwetu, aliuliza mbona nimenuna. Nikamwonyesha nukta zangu, kila moja wiki moja ya soko.

"Hizi za juu ni za lini?"

"Desemba, mama."

"Na hizi za chini?"

"Julai."

"Sasa mbona umezichanganya? Desemba watoto wa watu wanarudi kutoka Nairobi. Kila mama anasema mgeni wake hawezi kula mboga, hata kuku awe bei gani. Hao si watu wa Julai. Wa Julai wanakulanga mboga na kunyamaza."

Nilimlaza Tracy, nikachukua kalamu mbili. Nukta za Julai nikaziunga kwa buluu, za Desemba kwa nyeusi. Mistari yote miwili ikashuka: bei ikipanda, wanunuzi wanapungua, kama mwalimu alivyotufundisha. Hata wiki ya Krismasi, siku mama alipoongeza bei, wateja wengine walihamia kwa jirani yake Muhonja.

Ijumaa Mwalimu Patroba aliutazama mchoro mpya. Akauliza nani aliniambia nitenganishe miezi. Niliogopa angesema kazi si yangu, lakini sikuweza kumnyima mama haki yake.

"Mama mkwe wangu, mwalimu. Kuku ni wake."

Akavua miwani. Alisema kwao Iguhu, mama yake hukopa jogoo kwa jirani badala ya kumpa mgeni sukuma wiki, na yeye mwenyewe alikuwa amelisahau hilo mbele ya ubao. Akayakata yale maandishi mekundu kwa mstari mmoja, akaandika "Amepita."

"Takwimu za kutunga hunyooka sana, Mama Tracy," akasema. "Zako zilikuwa na fujo. Ningepaswa kuziamini mapema. Na mwambie huyo mama Jumatatu nina darasa, aje afundishe badala yangu."

Nilitembea hadi nyumbani nikihisi mabega mepesi. Mama alinisikiliza, Tracy akilala mgongoni mwake.

"Mwalimu akija hapa tutamchinjia," akasema. "Lakini asije Desemba."