Redio Hajui

Saa tatu kasorobo, na mdogo wangu alikuwa ameshaizunguka sebule mpaka mimi nikaona kizunguzungu. Usaili wa kazi ulikuwa saa nne, upande wa pili wa mji, na walimwambia wazi: bila cheti halisi, usijisumbue. Cheti kilikuwa kabatini. Kabati limefungwa. Ufunguo Mama huufunga fundo kwenye pindo la nguo, na Mama mwenyewe hayupo.

Simu yake tuliikuta kitandani. Viatu vya kutokea vipo, ndala hazipo. Basi, hayo tu.

"Labda kaenda kwa shangazi."

"Kwa shangazi na ndala? Mama yako huyu huyu?"

"Dada, tuvunje kabati!"

"Vunja, halafu uhamie huko huko kazini."

Tukagonga vyumba vyote sita vya wapangaji. Hakuna aliyemwona. Nje fundi wa kuchomelea alikuwa anakata geti la mtu, ngriii, hata kufikiri huwezi.

Nikamkimbilia jirani tunayemwita Redio. Yeye tangu alfajiri hukaa mlango mkubwa, anachambua mboga na watu. Hapiti mtu bila kuulizwa aendako.

"Mama kaelekea wapi?"

Kisu kikasimama. "Kwani katoka?"

Nami nikasimama. Redio hajui! Mwanamke aliyeijua mimba yangu kabla ya mume wangu!

Nikarudi mbio. "Hajatoka. Angetoka, Redio angetutajia mpaka rangi ya gauni. Yumo humu humu."

"Wapi, na vyumba vyote tumegonga?"

"Beseni la kufulia liko wapi?"

Bafuni halikuwepo. Kamba za uani tupu. Kama kafua, kaanika wapi?

Tukapanda ngazi mbili mbili mpaka juu. Mlango wa paa ulikuwa umetiwa komeo. Nikalivuta, Mama akatokea amelowa jasho, sauti imemkauka kwa kushindana na mashine ya fundi.

Mdogo wangu hata hakuamkia. Alifungua fundo, akanyakua ufunguo, akateremka. Punde pikipiki ikanguruma nje, ikaondoka naye na cheti chake.

"Nani kanifungia?" Mama akauliza.

Amri ni yake mwenyewe: ukikuta mlango wa paa wazi, funga, paka wasiingie. Nami asubuhi ile nilikuwa mtoto mtiifu.

Nikainama kuokota beseni. Redio alikuwa ameshafika ngazi ya mwisho, anahema, ananitazama usoni.

"Hilo sasa," akasema, "nalijua."