Uso wa Baba Mkwe Ndani ya Simu Yangu

…ting, hiyo ni ya nne, na kila ikilia Tulia anashtuka ananiuma, mtoto wa miezi saba ana meno mawili tu lakini anajua kuyatumia, nyamaza mama, nyonya, ni simu tu, simu tu, na mwanga wake umenijaa usoni saa sita usiku, mvua ya Isongole inapiga bati kama mtu anayemwaga mahindi debe kwa debe, na meseji ni ile ile, NDUGU MTEJA kwa herufi kubwa, hujakamilisha uhakiki wa utambulisho, akaunti yako ya Vukapesa itafungwa ndani ya dakika thelathini, tuma kitambulisho mbele na nyuma na video ya uso wa mwenye akaunti kwenye namba hii hii, dakika thelathini, na ile ya jioni ilisema masaa matatu, iliyofuata lisaa limoja, muda unakwisha na mimi nimekaa kitandani na ziwa nje, kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma, maana vyote ninavyo, picha ya mbele ninayo, ya nyuma ninayo, video ninayo, ni kubonyeza tu… wakiifunga na hela za masweta zikabaki humo, Jumatatu nampelekaje Tulia Mbeya, daktari alisema plasta hii ni ya tano, baada yake wanakata mshipa mdogo wa kisigino na mguu unanyooka, ukichelewa unarudi kupinda, alisema hivyo, mama usichelewe, unarudi, na plasta yenyewe imenilalia pajani sasa hivi, nzito kama tofali, nimeivalisha mfuko wa nailoni isilowe, mtoto wangu mdogo hivi na tofali mguuni, halafu mimi niichezee siku yake kwa kuogopa kubonyeza… ila ningekuwa nabonyeza uso wangu, ningeshabonyeza tangu jioni. Siyo wangu. Ni wa baba mkwe.

Kitambulisho changu nilikipoteza stendi ya Tukuyu siku ile ya mvua ya mawe, Asajile mume wangu yuko na lori Tunduma na jambo lake ndilo lile lile, simu haipatikani, kwa hiyo mwezi wa pili, yule nesi wa kwetu anayeishi nje alipopenda masweta ya watoto ninayofuma akasema nitakulipa kwa Vukapesa, fungua akaunti, nikalia kwa mama mkwe, naye akaenda kumwambia mzee, na mimi jikoni nikajua ameshakataa, nani angempa mkamwana kitambulisho chake, halafu nikasikia kigoda kinaburutwa, kikohozi, miguu inatoka nje, mama akaniita, Njoo uchukue, nikaingia, kadi imelazwa juu ya kigoda katikati ya chumba kama sadaka, mwenyewe kashatoka, maana sisi mkamwana na baba mkwe hatukutani, hatupeani kitu mkononi, simwangalii usoni, hanisemeshi, na jina lake silitaji, hata likiwa kwenye Biblia nikisoma kwa sauti naliruka, wenzangu wa sekondari wananicheka, Doreen anasema we Tupokigwe na cheti chako cha kidato cha nne unajificha kwenye migomba mzee akipita, wa leo wewe, lakini Doreen hajui… hajui kwamba nilipoolewa, juma la kwanza tu, yule mzee alichukua nyundo akatoboa ukuta wa jikoni, peke yake, akaweka mlango, ili nisilazimike kupita sebuleni kwake kwa kunyata kama mwizi, nitoke na kuingia nikiwa nimesimama wima, nani alimwomba, hakuna, na akifika pale kwenye kona ya matete anakohoa mara mbili, kila siku, miaka mitatu, hata akiwa hana kikohozi, ili mimi nijue anakuja nisipatwe sijajifunga kanga, nimeshapendwa na watu walionishika mkono ambao hawakunijali hata nusu ya kikohozi hicho.

Na uso, jamani siku ile ya uso, Vukapesa wakataka mwenye akaunti ageuze kichwa mbele ya kamera, nami siwezi kusimama mbele yake, basi mama akashika simu, mimi nyuma ya mlango nasoma maagizo niliyoyaandika kwenye karatasi, Mama, mwambie asogee kwenye mwanga, na mama, We mzee, fumbua macho, kwani unapigwa picha ya jeneza, na yeye, Shika simu vizuri wewe, mkono unatetemeka kama unaiba, Mama, mwambie ageuke kushoto, Geuka kushoto, siyo huko, huko ni kulia, miaka yote kwenye mzani wa chai hujui kushoto, Mama, inasema atabasamu, Simu inasema ucheke, Nicheke nini, Cheka tu hivyo hivyo, mbona siku ya kupokelewa posa kwetu ulicheka mpaka na magego, na mimi nyuma ya mlango nimejiziba mdomo kwa kanga machozi yananitoka, na zile za majaribio mama alizorekodi vibaya zikabaki ndani ya simu, ndiyo video ninayo, mzee anageuka kulia badala ya kushoto, anacheka. Mwisho akamwambia mama, kwa sauti ya kunifikia, Mwambie mama Tulia uso wangu sasa uko kwenye simu yake, autunze. Basi, autunze, hakusema zaidi, akaenda kupalilia viazi… na mimi sasa autunze yenyewe ndiyo hii, saa sita usiku, nautuma kwa mtu wa namba.

Ila siyo mtu wa namba tu, niliongea naye, alipiga saa mbili usiku, kijana, sauti laini, Habari za jioni mama, mimi ni wa kitengo cha uhakiki, naona una akaunti ya biashara ya masweta, siyo, nikasema ndiyo, akajua masweta, nikatulia moyo, akasema taja jina kamili la mwenye akaunti, na hapo nikakwama, nikamwambia kaka samahani, ni baba mkwe, silitaji, kwetu hatutaji, taja wewe nitaitikia ndiyo, akasema, Hapana mama, kwa usalama taja wewe, nikasema siwezi kaka, kweli siwezi, na yeye, Basi mama usijali, tuache jina, tuma vitambulisho tu. Tuache jina. Nikasema moyoni, kumbe ni wa kwetu huyu, mtoto aliyelelewa, amesikia baba mkwe na yeye akaacha kulitaja mbele yangu, nikampenda bure, ningekuwa na ndizi mbele yangu ningempa mkungu… ting. DAKIKA ISHIRINI. Nyonya Tulia. Nyonya.

Sasa ni nini, kitanda cha wakwe kule kimelia, ukuta kati yetu ni mbao tupu na magazeti ya zamani, nasikia kila kitu na najua wanasikia kila kitu, mama anakoroma, mama akilala hata nyumba ikivunjwa haamki, kwa hiyo aliyegeuka siye mama, zima simu Tupokigwe, funika, nimefunika kwa kanga lakini inalia tena ndani ya kanga, na hapo nikajikuta nalia, sikujua nalia, mafua tu nilifikiri, navuta kamasi kama mtoto, na upande wa pili kikohozi, mara mbili. Mara mbili kama pale kwenye matete. Nikajifunga kanga, yaani mwili wenyewe ulijifunga gizani, nani ananiona, halafu nikasikia, na nikadhani nasikia vibaya, Mama Tulia.

Siyo mwambie mama Tulia. Mama Tulia. Mimi.

Nikabana pumzi, mama bado anakoroma, hakuna mtu katikati yetu, hakuna wa kupeleka neno, miaka mitatu maneno yake yote yamenifikia yakiwa yamepita kwenye mdomo wa mtu mwingine kama maji yanayopita kwenye chujio, na sasa hili limekuja lenyewe, zito, la mzee aliyelala, Mama Tulia, nani huyo anayekugongea usiku kucha, nikasema, nikajisikia nimesema na kumwita tata, baba kwa lugha ya kwetu, Ni watu wa Vukapesa, tata, wanataka… wanataka uso wako tena, na kitambulisho, la sivyo wanafunga, na hela za mguu zimo. Mvua. Akasema, Si walishaupokea, nikasema walishaupokea. Wameupoteza, akauliza, nikasema sijui tata. Namsikia anafikiri, alikuwa mpima chai huyu, miaka thelathini kwenye kituo cha kununulia majani, wanawake wa Nkunga wote wanasema mzani wake haukuwahi kuwaibia hata gramu, na kuna siku, mama ananisimuliaga, alikuja mtu na pikipiki na barua yenye muhuri, ametumwa kuchukua vitabu vya mizani, na yeye hakuitazama barua, akamuuliza tu nani amekutuma, na mtu akasema meneja, meneja gani, akasema si meneja tu, akamwambia ukikumbuka jina lake urudi, na hakurudi… nami nawaza hilo na huku yeye anauliza, polepole kama mtu anayesogeza jiwe la mzani, Amekutajia jina langu?

Hapana, tata. Ana adabu sana, nilimwambia silitaji na yeye akaacha, hakulitaja.

Na hapo, kabla hajanijibu kitu, likaniingia, maneno yangu mwenyewe yakatoka mdomoni yakarudi sikioni, hakulitaja, hakulitaja… hakulitaja kwa sababu halijui, mama yangu, halijui! Niliweka mimi mwenyewe mlango wazi, nikamwambia sema wewe nitaitikia ndiyo, na kama ni mtu wa Vukapesa kweli jina liko mbele yake kwenye kompyuta, angelisoma tu, yeye siyo mkamwana wa mtu, ana haya ya nini, na masweta alijua kwa sababu nimeandika mwenyewe kwenye ukurasa wangu, masweta ya watoto, lipa kwa Vukapesa, na namba ya simu, kila alichokijua nimekiandika mimi, hakuna hata kimoja zaidi, na mimi nikamvika adabu ya kwetu, nikamtengenezea ukoo na malezi, mwizi, nikataka kumpa mkungu wa ndizi.

Upande wa pili nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia bila mlango na simu katikati, anacheka, chini chini, kicheko cha kifuani, Adabu gani hiyo ya kugongea watu saa sita usiku, akasema, na mimi nikacheka kwenye kamasi zangu, na Tulia akatikisika kwa kicheko changu akaendelea kunyonya, nikasema, Tata, nilikuwa karibu kuutuma, akasema, Lakini hujautuma. Nikasema sijautuma. Angalia basi kule kwenyewe walikoupokea, akasema, siyo huku wanakogongea, na mzee huyu simu yake ni ya tochi na vitufe, hajawahi kuingia mtandaoni, nani alimfundisha, mimi niliyesoma nilikuwa nafuata kidole cha meseji kama kuku anayefuata punje, nikaiacha meseji, nikafungua programu yenyewe kwa mkono wangu, ile niliyoipakua mwezi wa pili, ikazunguka, ikazunguka, mtandao wa mvua, ikafunguka, na hakuna kitu. Hakuna onyo, hakuna kufungwa, kumeandikwa kwa kijani utambulisho umethibitishwa, na picha yake ndogo ya duara juu pale, na hela za mguu zimekaa kimya mahali pake, Zipo tata, nikasema, hawajasema chochote, hakuna, na yeye akasema tu Ee. Kesho mama yako aende na wewe mjini kwa yule wakala wa Vukapesa, Hellen, awape taarifa wenyewe kwa namba yao wenyewe, na watu wa kanisani wenye biashara waambiwe wasidanganywe, nikasema ndiyo tata, na zile za majaribio nikazifuta, moja, mbili, ile ya kugeuka kulia nikaisimamisha kidogo… sikuitazama usoni, naapa, nilitazama shati, nikaifuta.

Halafu kimya. Tukajua wote wawili tulichokifanya. Nilisikia kimya chake kikibadilika, kama mtu aliyeingia chumba cha watu kwa haraka ya moto na sasa moto umezimwa na amesimama pale, hajui aweke wapi mikono, nami hivyo hivyo, shavu linaniwaka gizani, mzee wa kanisa, mtu aliyetoboa ukuta ili asinivunjie heshima, ameivunja mwenyewe kwa sababu alisikia navuta kamasi, angeweza kumwamsha mama, angeweza kusubiri asubuhi, kila kitu kingekuwa na utaratibu na uso wake ungekuwa umeshakwenda, akachagua, na lazima alilala pale akipima muda mrefu kabla ya vile vikohozi viwili, najua, ndivyo alivyo, na nadhani hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu kikubwa hivyo, mahari ilipokelewa na baba yangu, hiki nimepewa mimi.

Ting, tena, DAKIKA TANO, na mvua ile ile, ziwa ndani ya kinywa kile kile, plasta pajani, kidole changu kiko mbali na kitufe, gonga mwizi wewe, gonga mpaka kuche… na kitanda kule kinalia, anageukia ukutani, mama anaacha kukoroma, anauliza kwa usingizi, Unaongea na nani mzee, na yeye anajibu, Na nani, lala, naota, mzee ambaye hajawahi kusema uongo kwenye mzani amesema huo mmoja kwa ajili yangu, basi na mimi nitamwambia mama kesho kwamba nilishtuka mwenyewe, nimegundua mwenyewe, na Asajile akirudi nitamwambia hivyo hivyo, mwenyewe, Doreen asijue, mchungaji asijue, Tulia amesikia maana sikio lake lilikuwa kwenye mbavu zangu, lakini zaidi ya Tulia, ee Kyala, Mungu wangu, sitamwambia mtu mwingine yeyote.