Nyumba ya KI na VI

Asubuhi Bi Sauti alifunga mlango wa chumba kilichopigiliwa magodoro ukutani, akasafisha koo, akasema "kisu" mara mbili mbele ya kipaza sauti. Halafu "kijiko". Halafu "kiatu". Kila neno alilitoa polepole, kama anayemvisha mtoto nguo, kwa sababu waliokusudiwa kulisikia walikuwa watoto.

Ofisi ile ilikuwa inatengeneza ukurasa wa mtandaoni wa kuchezea maneno. Ukiufungua, unakuta maneno yanaelea kama mapovu ya sabuni. Unalishika neno kwa kidole, unaliburuta hadi kwenye nyumba yake. Ukipatia, mlango unafunguka, neno linaruka ruka, na sauti ya Bi Sauti inalitamka. Nyumba ya M na WA ilikuwa ya watu, na msanifu wa ukurasa aliipaka rangi ya machungwa, akaiwekea mapazia. Nyumba ya KI na VI ilikuwa ya vitu, akaichora kama ghala. Milango aliifundisha kutazama silabi ya kwanza tu, maana muda ulikuwa umembana.

Bi Sauti alikuwa mjane, tena kibarua. Meneja alimwahidi kwamba ukurasa ukifunguliwa naye ataajiriwa. Alikuwa na haja moja tu na ajira hiyo: binti yake alikuwa mjamzito wa mimba ya kwanza, siku zimekaribia, na mwajiriwa hupewa ruhusa. Kibarua akikosa siku, anarudi kukuta mwingine ameshakalia nafasi yake.

Siku ukurasa ulipowashwa kwa majaribio, mhasibu alichungulia jikoni wakati wa chakula.

"Kibarua kimeshakula?"

"Kimeshakula," akajibu mpika chai.

Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyekusudia kutukana. Ulimi uliteleza upande huo, ukabaki huko. Kesho yake mtunza ghala alipita na vibandiko vya namba za vifaa, akabandika meza, akabandika feni, akafika kwa Bi Sauti.

"Kishike mkono nikibandike," akamwambia mpika chai.

"Usiweke juu ya vinyweleo, baba," akasema Bi Sauti. "Vitavutika."

"Viti vyenyewe havina maneno mengi hivi," akasema mtunza ghala, lakini akasogeza kibandiko.

Mchana huo mlinzi aliliona gari la meneja, akatangaza, "Kiongozi kimefika." Mtunza ghala akatoka na kibandiko, akakiweka kwenye kola ya koti. Meneja akapanda juu hadi kwa msanifu.

"Kiongozi kiko ghalani kinafanya nini?"

"Ni silabi, mkuu. Kinaanza na KI."

"Basi kitoe."

Msanifu alilikamata neno kwa mkono wake mwenyewe, akaliburuta hadi nyumba ya machungwa, akalifungulia mlango. Chai yake haikuwahi kupoa.

"Ameshahama, mkuu," akasema.

Meneja akabandua namba kolani, akashuka.

Bi Sauti alikuwa amesimama mlangoni. "Na mimi je, mwanangu?"

Msanifu alikuwa anampenda. Mara nyingi alimletea limau kwa ajili ya koo. "Mama, najua. Wewe, kipofu na kiziwi mtaingia kwenye toleo la pili. Sasa hivi wanataka tufungue."

"Toleo la pili ni lini?"

"Likiamuliwa."

Ukurasa ulifunguliwa mbele ya wageni. Watoto waliletwa, wakaburuta maneno, wakacheka. Kibarua kilipotumbukia ghalani kati ya kikombe na kikapu, walipiga makofi. Wageni wakiwa bado wanakunywa soda, mkwe wa Bi Sauti alipiga simu kwamba uchungu umeanza. Bi Sauti akamfuata meneja.

"Baba, uliniahidi. Ulisema ukurasa ukifunguliwa."

"Niliahidi kuajiri mtu, mama."

"Basi nipe ruhusa tu. Mwanangu yuko peke yake."

"Ruhusa ni ya watu. Sikuitunga mimi. Kiti kikitaka kwenda nyumbani, mimi nasaini wapi?" Alilisema bila ubaya, akarudi kwa wageni.

Bi Sauti akachukua mkoba wake. Getini mlinzi akamzuia.

"Samahani, mama. Kifaa hakitoki bila hati."

"Unanijua, mwanangu. Jana tu nimekuuliza hali ya mgongo."

"Ndiyo, na bado unaniuma. Lakini ona kibandiko."

Ikabidi mkwe aje mbio na pikipiki. Akaandikishwa kuwa ameazima kibarua, kitarudi Jumatatu.

"Sauti inafanya kazi?" akauliza mlinzi.

"Inafanya," akasema mkwe.

Binti alijifungua salama, mtoto wa kike. Bi Sauti alimshika, akamshukuru Mungu, akamwogesha. Katika nyumba ile aliitwa mama, akaitwa bibi, akaulizwa chumvi iko wapi, na kila kitenzi kilimfuata kama kinavyomfuata mtu. Jumapili jioni majani yakaanza kumchipua mabegani, laini, mabichi. Hakuna aliyeuliza. Kila mtu anajua kibarua kikiota majani maana yake nini.

"Mama, niyakate?" akasema binti.

"Yaache. Yatarudi tu."

Mtoto akakamata jani moja akalala nalo.

Jumatatu mkwe alimrudisha. Mlinzi alimzunguka Bi Sauti, akitazama kama ana mkwaruzo.

"Kizima?"

"Kizima," akasema mkwe, macho chini. "Ila kimeota majani."

"Basi kipelekwe nyuma."

Nyuma kulikuwa na viti vilivyovunjika miguu na kabati lisilo na mlango. Bi Sauti akachagua mahali pakavu, akaketi, akanyoosha gauni. Tundu la hewa la chumba cha magodoro lilikuwa juu ya kichwa chake, na sauti ilipita humo vizuri. Kibarua kipya kilikuwa kimeanza herufi ya M. Kilisema "mtoto". Kilisema "mtu". Kilikwama kidogo kwenye "mwajiriwa", kikarudia, kikapatia. Kilikuwa na sauti nzuri.